Kioo cha Gitaa la Soudi

Magitaa ya umeme yaliyobaki katika mji wetu wa Kindu yako uchi. Mahali palipofunikwa zamani, chini ya nyuzi, sasa pana matundu ya skrubu na waya zinazochungulia. Wanakwaya wa parokia ya mtaani kwetu wamegundisha kifuniko cha ndoo. Mpigaji mmoja wa baa iliyo karibu na gati amekata jalada la daftari akalibandika, na kila wiki jasho linalibandua. Vile vifuniko vya zamani havikuvunjika wala havikuibwa. Wapigaji wenyewe walivifungua kwa bisibisi, mmoja baada ya mwingine, wakavirudisha kwa fundi aliyevitengeneza na kumwekea juu ya meza yake ya kazi. Ukiwauliza leo kwa nini hawatafuti vingine, wanajibu, "Papa Edouard hayuko," halafu wanazungumza jambo jingine.

Kile kibao chembamba kinachokinga mbao isichubuliwe na kucha za mpigaji, sisi tunakiita plaki. Kwa watu wengi ni kitu kidogo. Kwa Edouard Ngeleka kilikuwa uso wa gitaa. Alizaliwa hapa hapa, katika kambi ya reli, kwa baba aliyeletwa na treni kutoka Kasai akazeeka bila kurudi. Mwenyewe alikuwa seremala katika atelie, karakana ya mabehewa, akitengeneza viti, milango na fremu za madirisha. Jumamosi na Jumapili alipiga solo katika okesta ya wafanyakazi wa reli.

Gitaa lake la kwanza alilinunua kwa mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akifunga mizigo ya kurudi kwao. Lilikuwa na plaki nyeupe. Edouard aliivumilia miezi miwili.

"Nyeupe njo rangi ya dispensere," alikuwa akisema. "Ukiitazama, unaanza kungojea sindano."

Mwaka ule behewa moja la chakula lilitolewa kazini kwa uzee, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuchukua kilichobaki ndani. Wengine walichukua viti. Edouard alichukua meza. Ilikuwa imefunikwa kwa formika, bamba gumu la kahawia lenye mawimbi meusi na mekundu, kama mchuzi wa mawese unapoanza kuchemka. Akakata plaki humo. Chini ya formika aligundisha plastiki nyeupe ya bidoni, yaani dumu la maji, kisha akaupiga tupa ukingo kwa mshazari, polepole, mpaka mstari mweupe mwembamba ukatokea na kuizunguka plaki yote. Nadhani mstari ule aliupenda kuliko muziki wenyewe. Alisema ni kama kanzu inayoonekana kidogo chini ya koti: mtu hajionyeshi, lakini unajua amevaa.

Tangu hapo wapigaji wa mji mzima walimjia. Hakuwauliza wanataka rangi gani. Aliwakalisha kwenye benchi, akawaambia wapige bila umeme, naye akatazama mkono unachubua wapi, na mtu mwenyewe anainama au ananyoosha kichwa. Kisha alitoa hukumu. Onema, aliyepiga besi kanisani kwa Wamethodisti, alipewa kijani kilichofifia, kwa kuwa alipiga kama mtu anayeomba radhi. Mwingine, mwenye mkono mzito, alipewa nyeusi isiyong'aa. Wekundu mkali Edouard aliuchukia, akasema unamaliza wimbo kabla haujaanza. Na hakukata plaki mbili zinazofanana hata siku moja.

"Gitaa haivae iniforme," alisema.

Kwa hiyo Kindu ilikuwa hivi: ukifika kwenye arusi na wapigaji bado wako mbali, huoni sura zao, ulitambua nani yupo kwa kutazama plaki.

Mtu mmoja tu alikataa hukumu yake, na huyo ndiye alikuwa rafiki yake. Soudi alikuwa fundi cherehani, Mungwana, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka Kasongo. Katika okesta alipiga gitaa la kuitikia solo ya Edouard. Alipenda vitu vinavyong'aa: vifungo, mikanda ya saa, jino lake la dhahabu. Siku moja alikuja kwenye atelie pamoja na mkewe, Mama Djuma, akiwa na kioo cha chuma kilichosuguliwa, kile kilichokuwa juu ya beseni la kunawia katika behewa lile lile la chakula.

"Unikatie hii," alisema.

"Hiyo njo kioo ya kunyolea ndevu."

"Njo plaki yangu."

"Soudi, watu watakuja kusikia muziki, watajikuta wanachana nywele."

"Wachane! Muntu akijiona muzuri, anacheza muzuri."

"Miye sitakata. Kitu cha kung'aa hakina rangi yake. Kinaazima rangi ya kila muntu anayepita."

"Kumbe! Na ile meza yako? Abiria wamekula samaki juu yake miaka makumi mbili. Mpaka leo ukipiga solo, miye nasikia harufu ya kitunguu."

Mama Djuma alicheka mpaka akakaa chini kwenye maranda ya mbao. "Shemeji, umukatie tu," alisema. "Nyumbani hatuna kioo. Yeye akilala, miye nitajitazama kwenye gitaa."

Edouard alikata. Kazi ilimchukua siku tatu, kwa sababu chuma hakina huruma na msumeno mdogo, na ukingo wake ulimkata vidole mara mbili. Jumamosi iliyofuata taa za baa zilipoiangukia plaki ile, vipande vya mwanga vilikimbia kwenye dari na juu ya mabega ya wachezaji. Watu walipiga kelele za furaha. Edouard alitazama pembeni. Hakuwahi kusema kwamba ni nzuri.

Kisha vita vilikuja. Treni zilisimama, majani yakaota katikati ya reli, na mshahara ukawa neno la zamani. Jeshi moja lilishika mji, watu wengine wenye silaha wakashika msitu unaotuzunguka, na sisi tukabaki katikati. Mwaka 2002 ulikuwa mbaya kuliko yote. Soko lilikuwepo lakini halikuwa na kitu. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi, kisha sombe zenyewe zikaanza kutafutwa. Soudi hakuwa na nguo za kushona, maana hakuna aliyekuwa na kitambaa. Alisikia kwamba huko Kama, kwenye machimbo ya dhahabu, bado watu wanampa mpigaji mchele na mafuta ya mawese akiwachezea. Mama Djuma alikuwa na mimba ya miezi saba. Soudi akaamua kwenda: avuke mto mpaka Alunguli, halafu siku kadhaa kwa miguu.

Asubuhi aliyoondoka, Edouard alikwenda kumuaga nyumbani kwake. Mfuko wa gitaa ulikuwa umeshabadilishwa kwa chakula, kwa hiyo Soudi alikuwa amelifunga gitaa ndani ya kikwembe cha mkewe na kulivaa mgongoni. Edouard alisimama, akalitazama.

"Toa hiyo nguo," alisema.

"Ya nini? Vumbi itaingia."

"Geuka. Mama Djuma, utazame weye. Hiyo njo gitaa?"

Mama Djuma alitazama. Kilikuwa kitu kirefu, chembamba upande mmoja, kimefungwa vizuri kwa kamba. Wiki iliyopita tu mtu alipigwa risasi kwenye njia ya shamba kwa sababu ya mchi wa kinu aliokuwa ameufunga ndani ya mkeka. Kila mtu mtaani alikuwa anajua habari hiyo.

"Kwa mbali iko bunduki," Mama Djuma alisema polepole.

"Basi. Watakupiga mbele ya kukuuliza. Iache wazi. Waone kama ni muntu wa muziki anapita."

Ni mikono ya Mama Djuma iliyofungua kamba na kuvua kikwembe. Ni mkono wa shati la Edouard uliofuta vumbi kwenye plaki, mpaka jua la asubuhi likarukia ukutani.

"Kumbe leo umeipenda!" Soudi alisema.

"Leo tu. Usizoee."

Walicheka wote watatu. Soudi akavuka mto.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, yapata saa tatu asubuhi, Edouard alikuwa kwenye atelie yake ndogo ya nyumbani. Duara la mwanga lilipita ukutani, juu ya misumeno, likatoweka. Alielewa ni plaki gani kabla hajageuka. Akageuka kwa furaha, na jina la Soudi likiwa tayari mdomoni.

Mlangoni alisimama mkuu mmoja wa wanajeshi, na askari wawili nyuma yake. Gitaa lilikuwa mkononi mwake.

"Njo weye fundi wa plaki?"

"Njo miye, komanda."

"Toa hii takataka. Unitilie nyeusi, isiyong'aa."

Edouard alipokea gitaa. Alijua hapaswi kuuliza, lakini mdomo uliuliza. "Ni gitaa muzuri, komanda. Uliipata wapi?"

Yule mkuu hakuona sababu ya kuficha. "Njia ya Kama," alisema. "Vijana wangu waliona kitu kinawaka kwenye kilima. Kinawaka, kinazima, kinawaka. Wakawaza kama ni adui anapeana alama. Walipofika pale, kumbe ni muntu na muziki yake. Bahati mubaya." Akagonga mwili wa gitaa kwa vidole. "Lakini gitaa iko muzima."

Kisha akakaa kwenye benchi akaanza kupiga, maana alisikia kwamba fundi huyu hutaka kwanza kumwona mtu akipiga. Na Edouard, kwa mazoea ya mikono na macho, alitazama mkono ule unachubua wapi. Aliniambia mwenyewe, baada ya miaka zaidi ya ishirini, kwamba jambo hilo ndilo lilimtesa kuliko hofu. Alitazama vizuri. Akachagua vizuri. Plaki nyeusi aliyoitengeneza kwa siku mbili ilikuwa kati ya kazi zake bora, na mstari mweupe haukupinda popote. Alitaka kuharibu, mikono ikakataa kujua namna ya kuharibu.

Alipofungua kioo, chini yake, mahali ambapo kitambaa cha mtu aliyelisafisha gitaa hakikufika, palikuwa na ukoko wa kahawia uliokaukia kwenye mbao na ndani ya matundu ya skrubu. Aliukwangua kwa tindo. Akafagia sakafu pamoja na maranda, kama siku zote. Alipofika mlangoni na ufagio ndipo alipoelewa anafagia nini.

Yule mkuu aliondoka na gitaa. Kioo alikiacha.

Wiki ile ile Mama Djuma alipita, akitembea polepole kwa uzito wa mimba. "Shemeji, haujasikia kitu?"

"Sijasikia," Edouard alijibu. Kioo kilikuwa chini ya kitanda chake, ndani ya gunia.

Mwanzo ilikuwa hofu, na nani angemlaumu? Wenye gitaa walikuwa wanatembea mjini na bunduki. Lakini mwaka uliofuata waliondoka. Amani ilifika, kisha hata treni ikarudi, ikipiga honi mpaka wazee wa reli wakalia barabarani. Hapakuwa tena na wa kumwogopa. Kilichobaki ni lile neno moja, "sijasikia", na juu yake yakawekwa mengine ya aina hiyo, kila alipoulizwa. Edouard alijiambia kwamba anamlinda mama yule. Angejuaje kuishi, akijua kwamba mikono yake ndiyo iliyovua kikwembe? Huenda nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Nusu nyingine ilikuwa kwamba shauri la kuvua lilikuwa lake, na kioo kilikatwa naye. Miaka yote alikikataa kwa sababu ya macho yake tu, kwa sababu hakipendezi. Asubuhi moja alikikubali, na ikawa asubuhi ile.

Aliacha kupiga. Plaki aliendelea kukata, kila mwaka za rangi iliyofifia zaidi. Watu walidhani ni uzee wa macho.

Mama Djuma alizaa mtoto wa kike, akamwita Mwavita, kwa kuwa alizaliwa vitani. Alikataa kuitwa mjane. Alivaa vitambaa vya rangi kali kwa makusudi, ili mtu asije akadhani anaomboleza. Kila ilipokaribia Idi alifua kanzu ya Soudi na kuianika uani, na wanaume wawili waliokuja kumposa aliwaonyesha kanzu hiyo kwenye kamba. "Mwenyewe hajafika," aliwaambia. Kila baada ya miezi michache alipita kwa Edouard, akakaa kwenye benchi. Wakati mwingine hakuuliza. Alikaa tu, kwa sababu pale palikuwa mahali pa mwisho ambapo jina la Soudi lilitajwa bila sauti kushushwa.

Mwaka 2023 Mwavita alipata mchumba, fundi wa pikipiki, mtoto wa watu wema. Kwa Waislamu baba ndiye anayemwoza binti. Akiwa amekufa, kaka mkubwa anasimama mahali pake, na kaka yake Djuma, aliyekuwa ameshapita miaka thelathini, alikuwa tayari. Mama yao alikataa.

"Ukikaa pale mbele ya shehe," alimwambia Djuma, "umeshamuzika baba yako. Umemuzika wapi? Unionyeshe."

Shehe alijaribu kumweleza, hakusikia. Watu wa mchumba walingoja miezi minne. Kisha wakatuma ujumbe, kwa adabu, kwamba mfungo ukikaribia na bado hakuna jibu, watatafuta kwingine.

Mwavita alimjia Edouard kabla ya saa sita mchana, akiwa amelia na kunawa uso. "Papa Edouard, mama anakusikia weye kuliko shehe," alisema. "Umwambie kama baba alikufa."

"Nitajuaje, mutoto wangu?"

"Hakuna anayejua. Useme tu ulisikia. Umudanganye. Ni uwongo wa kusaidia, Mungu ataelewa."

Edouard alikuwa na tupa mkononi. Akaiweka chini. Miaka ishirini na moja alikuwa amedanganya, na sasa binti wa Soudi alisimama mbele yake akimwomba uwongo, na uwongo aliouomba ndio ulikuwa ukweli.

"Uende nyumbani," alimwambia. "Nitakuja kisha sala ya alasiri."

Alifika na gunia chini ya kwapa. Mama Djuma alikuwa uani, anachambua mchele, na watoto wake wawili walikuwa kivulini. Edouard hakukaa. Alitoa kioo akakiweka juu ya ungo, juu ya mchele. Mama Djuma aliuona uso wake humo, uso wa mwanamke mzee, akaangalia muda mrefu kama mtu anayejaribu kukumbuka alikutana naye wapi.

"Hii umeitoa wapi?"

Alimwambia. Alisema yote: duara la mwanga ukutani, maneno ya yule mkuu, ukoko wa kahawia, ufagio. Hakusema nani alifungua kamba ya kikwembe. Halikuwa jambo la kusemwa. Mama Djuma alikuwa ameshaitazama mikono yake mwenyewe.

"Ilikuwa lini?"

"Ulikuwa na mimba bado. Karibu ya kuzaa."

"Na uliniambia haujasikia kitu."

"Ndiyo."

"Uliniambia mara ngapi, Edouard?" Hakumwita shemeji.

Edouard alilikunja gunia tupu mara mbili.

"Walimuzika?"

"Sikuuliza."

"Haukuuliza." Alirudia neno hilo taratibu. Djuma alisimama, ngumi zimekazwa, na mama yake akamrudisha kwa mkono bila kumtazama.

Jioni ile aliitwa shehe. Mama Djuma alikuwa na swali moja tu: alitaka kukaa eda ya mumewe, kuvaa nyeupe na kufunga mlango, kama wajane wote wa mtaani walivyofanya. Shehe aliinamisha kichwa. Alimweleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, haihesabiwi tangu siku ya habari. Na mjane mwenye mimba, eda yake huisha anapojifungua.

"Yako iliisha siku alipozaliwa Mwavita," alisema. "Haudaiwi kitu, mama."

"Siku ile niliimba," Mama Djuma alisema. "Nilijaa furaha. Niliwaambia wanawake, baba yake akifika atamukuta mutoto muzuri. Kwa hiyo nimekuwa mjane, nimemaliza, na sikujua."

Asubuhi yake alimkubalia Djuma asimame. Kisha alivuka barabara mwenyewe mpaka kwa Edouard, akabaki mlangoni. Majirani tulimsikia, kwa sababu hakushusha sauti.

"Arusi itakuwa Ijumaa. Usije. Na mutaa huu ni wangu, nimezeeka ndani yake nikingojea. Sitaki nikifungua mlango nikuone."

"Nimesikia, mama," Edouard alisema.

Habari ilizagaa kabla ya Ijumaa. Onema ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta plaki yake, ile ya kijani kilichofifia. Wengine walimfuata.

Mwavita aliolewa. Jumatatu iliyofuata treni ya kwenda kusini ilikuwepo, na Edouard aliipanda na sanduku moja la vyombo vya useremala. Sasa anaishi Kibombo, kwa binti yake Joëlle, nyumba ya tatu baada ya stesheni, na anatengeneza milango.